Kujibu kwa Upole: Mwongozo Kamili wa Kuitetea Imani ya Kikristo Hapa Uganda

Kampala ni vigumu kumpata mtu wa kubishana naye kama Mungu yupo. Dereva wa takisi amebandika jina la Mungu kwenye kioo cha nyuma, muuza chapati hafungui kibanda bila dua, na hata mwizi akikamatwa soko la Owino huapa kwa Mungu kwamba si yeye. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu Wakatoliki asilimia 39.3, Waanglikana 32, Waislamu 13.7 na walokole wa makanisa ya Kipentekoste 11.1. Ndiyo maana vitabu vingi vya utetezi wa imani vinavyotoka Ulaya na Marekani hutufaa nusu tu: sura tano za mwanzo zinamjibu mtu ambaye kwetu hayupo. Hapa tunaulizwa mengine. Mungu yupi? Kwa nini huyu Yesu wenu? Na kwa nini wewe unayemhubiri uko hivyo ulivyo?

Mimi si mchungaji. Ninaongoza kikundi cha kujifunza Biblia kwa Kiswahili, watu kumi na wanne wakija wote, wengi wao ndugu zetu waliotoka Ituri na Kivu, Kongo, pamoja na mzee mmoja mstaafu wa jeshi ambaye Kiswahili chake bado kina amri ndani yake. Haya ninayoandika nimeyajifunza kwa kukosea, mara nyingi hadharani.

Kosa langu la kwanza lilitokea stejini pa bodaboda. Kijana mmoja Mwislamu aliniuliza, huku anacheka: "Nyinyi mna watatu. Mvua ikikataa kunyesha, mnamwendea yupi?" Nikamrushia aya kumi na mbili bila kupumua. Waliokuwa pale wakanipigia makofi. Yule kijana akawasha pikipiki akaondoka, na tangu siku ile kila nikipita akaangalia simu yake. Nilishinda steji nzima, nikampoteza mtu aliyeuliza.

Neno lenyewe linataka nini

Wataalamu huiita kazi hii apolojetiki. Neno limetoka katika Kiyunani, apologia, yaani maneno ya mshtakiwa anapojitetea mbele ya hakimu. Paulo analitumia Yerusalemu kwenye Matendo 22:1, umati ukitaka kumuua. Petro analitumia katika mstari ambao kila mwalimu wa somo hili huanza nao, 1 Petro 3:15: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu; lakini kwa upole na kwa hofu."

Wengi huukata mstari huu kwenye nukta-mkato. Wanabeba utayari, wanaacha upole njiani. Tazama pia kwamba Petro anamzungumzia mtu *anayeuliza*, na anauliza habari za *tumaini*. Maana yake kuna kitu amekiona kwako kabla hujafungua kinywa. Ukiwa na deni dukani kwa jirani na humlipi, hatakuuliza habari za tumaini. Atauliza habari za hela zake.

Buganda tulishaona utetezi usio na upole unaishia wapi. Uislamu ulifika ikuluni kwanza, katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka (mfalme) Suuna. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Mutesa I mwaka 1877, na Wakatoliki, White Fathers, mwaka 1879. Kabaka aliwaweka barazani wabishane mbele yake, Alexander Mackay wa Waanglikana upande huu na padri Lourdel wa Wakatoliki upande ule, na waalimu wa Kiislamu nao wapo. Mengi yalipitia Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo wageni na watu wa ikulu waliweza kukutana nayo. Maneno yalikuwa makali. Miaka michache baadaye makundi hayo yalikuwa na bunduki: vita vya 1888 hadi 1890 kati ya Wakristo na Waislamu, halafu Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao pale Mengo, wakiitana Waingereza na Wafaransa ilhali wote ni Waganda. Kila ninapowasikia vijana wetu wakisema "tumewapiga" baada ya mdahalo, nakumbuka Mengo.

Hatua ya kwanza: soma

Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu aliyetaka ubatizo alifundishwa kwanza kusoma. Mpaka leo, katika Luganda, okusoma ni kusoma kitabu na pia ni kwenda kusali. Sijui lugha nyingine iliyoiweka hoja hii vizuri zaidi.

Anza na kiini, usianze na mabishano. Shika kwa moyo 1 Wakorintho 15:3-8: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akatokea kwa Kefa, kwa wale Thenashara, kwa ndugu zaidi ya mia tano, kwa Yakobo, mwisho kwa Paulo. Kisha soma Injili ya Marko yote kwa mkao mmoja. Haizidi saa mbili. Kisha Yohana, polepole. Mtu aliyezisoma Injili mbili kwa uangalifu atatetea imani vizuri kuliko aliyetazama video mia za midahalo.

Halafu chukua karatasi uandike sentensi tano tu: kwa nini mimi ninamwamini Yesu. Usiandike "kwa sababu nilizaliwa katika familia ya Kikristo". Jirani yako Mwislamu naye alizaliwa katika familia. Kama sentensi hazifiki tano, umeshajua pa kuanzia, na si kwa jirani.

Hatua ya pili: tambua swali ni la aina gani

Katika kikundi chetu tumezoea kuyapa maswali majina matatu. Kuna swali la kiu, swali la kidonda na swali la ngumi. Maneno yanaweza kuwa yaleyale.

"Mungu wenu alikuwa wapi?" Mwanafunzi wa Makerere anayesoma falsafa anaweza kuliuliza kwa kiu, anataka hoja, mpe hoja. Kijana wa stejini anaweza kulirusha kama ngumi ili wenzake wacheke. Na mama aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kule Isingiro, aliyemzika mtoto njiani akitoka Kongo, analiuliza kwa kidonda. Ukimpa huyu wa tatu jibu la yule wa kwanza, umemwongezea jeraha.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hizo ndizo siku walizofanya kazi nzuri. Walipoanza kueleza ndipo wakaharibu. Mwenye kidonda, kaa naye. Msomee Zaburi 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila kutatua chochote, na bado imo ndani ya Biblia. Soma naye Yohana 11, pale Yesu anajua kabisa kwamba dakika chache zijazo Lazaro atatoka kaburini, na bado analia. Siku akitaka hoja ataziomba mwenyewe, na zipo: kwamba hasira yake dhidi ya uovu yenyewe inashuhudia kuna haki ambayo haikutungwa na binadamu, kwamba upendo usioweza kukataliwa si upendo, kwamba Mungu wa Wakristo hakuyatazama mateso kutoka mbali bali aliyaingia, akapigwa, akauawa nje ya mji. Ila kwanza chemsha chai.

Swali la ngumi nalo lina dawa yake. Usilijibu mbele ya umati. Sema, "Kaka, swali lako ni zito, tukae chini nikununulie rolex, chapati ya mayai, tuongee." Akikubali, lilikuwa kiu limevaa ngumi. Akikataa, hukupoteza kitu.

Hatua ya tatu: uliza kabla hujajibu

Maswali mawili yananitosha karibu kila mahali. La kwanza: "Unaposema hivyo, una maana gani?" La pili: "Umelijuaje hilo?" Yaulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, maana ukiyauliza kwa sauti ya wakili yanageuka ngumi zako wewe.

Mtu akisema "Biblia imechakachuliwa", muulize alichokisikia hasa. Mmoja atakuambia Wakatoliki wana vitabu vingi kuliko Waprotestanti. Mwingine atasema Injili ziko nne badala ya moja. Wa tatu atasema Konstantino, kaisari wa Roma, aliibadilisha kwenye mtaguso wa Nikea. Hayo ni maswali matatu yenye majibu matatu, na ungejibu moja kwa pupa ungekuwa umejibu lisiloulizwa.

Kisha rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme, "Ee, ndivyo hasa." Asiposema hivyo, huna ruhusa ya kujibu. Hiyo ndiyo sheria ngumu kuliko zote katika kikundi chetu, na mzee wetu mwanajeshi ndiye anayeisimamia.

Hatua ya nne: andaa majibu ya maswali yanayorudi

Huhitaji kujua kila kitu. Kwa uzoefu wangu maswali manne matano huzunguka mji mzima.

*"Hii ni dini ya wazungu."* Hili siku hizi linatoka kwa vijana wanaotaka kurudi kwenye dini za mababu, na ndani yake kuna ukweli usiopaswa kufichwa. Wamisionari wengi walidharau mila zetu, na dini ilitangulia au ikafuatana na bendera. Kiri hilo haraka, usijikune kichwa. Ndipo urudi nyuma zaidi ya 1877. Matendo 8, ofisa wa Kushi anabatizwa njiani, na hiyo ni sura nane kabla Paulo hajakanyaga Makedonia. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia ya leo, alipokea Ukristo katika karne ya 4 akaweka msalaba kwenye sarafu zake. Ujumbe uliotumwa kutoka Roma kuwahubiria Waanglo-Saksoni, mababu wa Waingereza, ulifika Kent mwaka 597, zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Athanasio alikuwa askofu wa Aleksandria, Misri. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, ambayo leo iko Algeria. Tertuliano wa Karthago, Tunisia ya leo, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi mnamo mwaka 197. Kazi hii tunayojifunza ilisukwa Afrika tangu mwanzo.

Na karibu zaidi yupo Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyevuka kupita milima ya Rwenzori mwaka 1896 kwenda Boga, Ituri, akapigwa na kufungwa huko, akaendelea, akafa mwaka 1933 na kuzikwa hukohuko Boga. Wenzetu wa Ituri wanapomsikia mtu akisema injili waliletewa na mzungu, wanacheka: wao waliletewa na Mganda, ingawa jina lake la utani lina "Bulaya", yaani Ulaya, ndani yake.

Kuhusu jina la Mungu, usikubali kuambiwa kwamba mababu hawakumjua. Katonda, Ruhanga, Kibumba, Edeke: majina haya yalikuwepo, na ndiyo watafsiri wa Biblia waliyoyaokota. Paulo pale Areopago (Matendo 17) alianza na madhabahu ya "Mungu asiyejulikana" na mistari ya washairi wa Kiyunani, halafu akafika kwenye ufufuo, ambao washairi hao hawakuujua. Njia hiyohiyo tunaweza kuipita sisi.

*"Biblia imebadilishwa."* Hapa kuwa mkweli kupita kiasi, kwa sababu anayekuuliza huenda amesoma. Hati za kale za Agano Jipya kwa Kiyunani ni zaidi ya 5,000, na hazifanani neno kwa neno. Tofauti nyingi ni za herufi na mpangilio wa maneno. Chache ni kubwa: mwisho wa Marko 16 kuanzia mstari wa 9, na habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8, hazimo katika nakala za Kiyunani za kale kabisa. Maneno ya "watatu washuhudiao mbinguni" yaliyomo katika 1 Yohana 5 ya Biblia ya King James nayo hayamo. Kwa hiyo usijenge Utatu juu ya mstari huo. Ukibomolewa mbele za watu, utakuwa umejibomolea mwenyewe.

Lakini angalia jinsi tunavyojua hayo: kwa sababu nakala zipo, zimetapakaa nchi nyingi, na yeyote anaweza kuzilinganisha. Hapakuwa na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzikusanya zote na kuzibadilisha kwa siri. Kipande kidogo cha Yohana 18 kilichohifadhiwa Manchester kinakadiriwa kuwa cha karne ya 2. Kodeksi ya Sinai, kitabu cha kale cha mkono chenye Agano Jipya lote, ni ya karne ya 4, yaani zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume Muhammad, na ukiisoma ndani yake Yesu anasulubiwa na kufufuka vilevile. Kuhusu Nikea: mtaguso ule wa mwaka 325 ulibishania fundisho la Ario, padri aliyesema Mwana aliumbwa, haukuchagua vitabu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo inapatikana katika barua ya Athanasio ya mwaka 367, na makanisa yalikuwa yakivisoma vingi kati yake muda mrefu kabla ya hapo.

Ukizungumza na Mwislamu unaweza kumuuliza, kwa adabu, anavyoielewa Sura ya 5:47 ya Kurani, inayowataka watu wa Injili wahukumu kwa yale Mungu aliyoyateremsha humo. Ana majibu ya wanazuoni wake, yasikilize. Na kama hujaisoma sura hiyo mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiitaje. Kunukuu kitabu cha mwenzio ambacho umekiona tu kwenye WhatsApp ni utovu wa heshima.

*"Mungu ana mke? Amezaaje mwana?"* Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Tunasema mwananchi, mwanafunzi, mwanamaji, mwanasheria. Hakuna anayeuliza sheria iliolewa na nani. Hata Kurani humwita msafiri "mwana wa njia", ibn as-sabil, katika Sura ya 2:177. Kwa hiyo Mwislamu anaposema Mungu hakuzaa kwa namna ya wanadamu, Mkristo anaitikia: nasi twasema hivyo. Mkianza kwa kukubaliana, sauti hushuka.

Ila usiishie hapo, kwa maana "mwana" wa Yesu si kama wa mwananchi. Mfano ule unaondoa kikwazo, haulijazi fundisho. Fundisho liko Yohana 1: Neno alikuwako kwa Mungu, naye alikuwa Mungu, akafanyika mwili. Liko Marko 2, Yesu anasamehe dhambi na waandishi wanaelewa mara moja kwamba ni Mungu pekee awezaye hilo. Liko Yohana 20:28, Tomaso anamwita "Bwana wangu na Mungu wangu" naye hamkatazi. Wakati huohuo Kumbukumbu la Torati 6:4 inasimama: Bwana ni mmoja. Wakristo hawakukaa chini wakabuni Utatu kwa kupenda mafumbo. Walikuwa na maneno haya yote mkononi na hawakutaka kutupa hata moja.

Tafadhali, achana na mfano wa yai, wenye ganda, ute na kiini. Ganda si yai. Achana na wa maji, barafu na mvuke, maana huo unasema Mungu ni mmoja anayebadilisha nguo, na Kanisa lilikwisha kuyakataa mafundisho hayo zamani. Afadhali useme: Mungu mmoja, nafsi tatu, sina mfano wa kiumbe unaomtosha Muumba. Mwislamu atakuheshimu kwa hilo. Naye hukataa kumfananisha Mungu na kitu.

*"Umejuaje kwamba alifufuka?"* Hili ni nadra kuulizwa, na ndilo ningependa kuulizwa kila siku. Paulo aliandika 1 Wakorintho mnamo mwaka 55, na anasema habari ile ya sura ya 15 yeye mwenyewe *aliipokea*. Ni ya zamani kuliko barua. Tunazungumzia miaka ishirini na kitu tangu msalaba, mashahidi wengi wangali hai, na Paulo anasema hivyo waziwazi. Injili zote zinawataja wanawake kuwa wa kwanza kulikuta kaburi wazi, katika jamii ambayo ushahidi wa mwanamke haukuwa na uzito. Anayetunga hadithi hawaweki wao mbele. Yakobo, ndugu yake Yesu, hakumwamini wakati wa uhai wake (Yohana 7:5), kisha akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Na kwamba Yesu aliuawa kweli, hatutegemei Wakristo pekee: Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, anasema Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato enzi za Tiberio. Hapo ndipo tunapoachana kabisa na ndugu zetu Waislamu, kwa sababu ya Sura ya 4:157, inayosema hawakumuua wala hawakumsulubisha, na hakuna haja ya kulifunika.

*"Na wachungaji wenu?"* Maji ya baraka kwa shilingi elfu hamsini, mafuta ya upako, sadaka ya kupata viza. Siwezi kulitetea hilo, wala sijaribu. Uganda ina sababu ya pekee ya kuliogopa. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliangamia katika moto, na maiti nyingine nyingi zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Walikuwa watu wa kusali, wengi wametoka makanisani mwetu. Utetezi wa imani una milango miwili: mmoja unatazama nje, mwingine unatazama ndani, na huu wa ndani tumeuacha wazi. Waberoya waliitwa waungwana kwa sababu walipomsikia Paulo walikwenda kuchunguza kama ndivyo (Matendo 17:11). Kama Paulo alichunguzwa, nabii wa mtaani kwenu ni nani asichunguzwe? Anayekukataza kuuliza, mkimbie.

Hatua ya tano: daftari

Nunua daftari dogo la kutia mfukoni. Kila swali usiloliweza, andika mbele ya aliyeuliza, kisha useme: "Hili silijui. Alhamisi nitarudi." Halafu urudi Alhamisi. Hiyo ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote katika mwongozo huu na haihitaji elimu yoyote. Watu wamezoea wahubiri wenye jibu la kila kitu. Anayerudi na jibu la swali la wiki jana hawajamwona.

Unapotafuta jibu, hadhari na yanayosambazwa kwenye simu. Ile habari kwamba wanasayansi wa NASA waligundua siku iliyopotea ya Yoshua ni ya kutungwa, na imezunguka miaka na miaka. Jehanamu iliyosikika ndani ya shimo la kuchimba nayo ni hadithi. Ukitetea kweli kwa uongo, siku uongo ukigundulika vyote viwili vinatupwa pamoja.

Hatua ya sita: mazoezi, kisha mtaani

Mara moja kwa wiki tunagawanyika. Mmoja anavaa nafasi ya muulizaji, labda Shahidi wa Yehova aliyeshika Yohana 1:1 na Wakolosai 1:15, labda kijana asiye na dini, na anatakiwa aitetee nafasi hiyo kwa nguvu zake zote. Mwingine anajibu kwa dakika kumi. Baadaye wanabadilishana. Anayeigiza vibaya, akimfanya Mwislamu aonekane mjinga, anasimamishwa. Tunakumbushana habari za Apolo wa Matendo 18, Myahudi mzaliwa wa Aleksandria, hodari wa kusema, ambaye bado alihitaji Prisila na Akila wamchukue kando na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kando, tazama. Hawakumsahihisha kwenye kipaza sauti.

Mtaani, heshimu mipaka. Katiba ya mwaka 1995 inasema Uganda haina dini ya serikali (ibara ya 7) na inampa kila mtu uhuru wa kuabudu (ibara ya 29). Uhuru huo ni wa jirani yako pia. Usiweke spika mbele ya msikiti. Usimkebehi Mtume. Usimfuate mgonjwa wodini ambaye hawezi kukukimbia. Ukienda Namugongo tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi wa 1886, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa katika miaka ile, kumbuka kwamba Waislamu nao wana mashahidi wao waliouawa Namugongo miaka kama kumi kabla, wakati wa Mutesa, kwa kung'ang'ania imani yao mbele ya Kabaka. Ardhi ile imelowa damu ya pande zote.

Na Owino yenyewe, ambako mtu wangu wa bodaboda huegesha siku hizi, jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kifo cha Askofu Hannington wa Waanglikana. Yule kijana hakulijua hilo nilipomwambia. Ilinichukua miezi saba ya salamu kabla hajasimamisha pikipiki tena na kuniuliza kitu, na safari hii hakucheka. Alilichukua daftari akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: kwa nini Yesu aliulaani mtini wakati Marko anasema haukuwa wakati wa tini? Marko 11:13. Nimempa ahadi ya Alhamisi, na mpaka sasa nimejaza kurasa mbili za mambo ya mitini na Hekalu ambazo bado haziniridhishi.